Kadi Iliyofichwa Kwenye Aproni

"Kadi iko wapi?"

"Niliiacha kwa msumari, boss. Hapo kando ya meza ya kuchapa."

"Msumari ndio huu. Msumari nauona. Kadi sioni."

Mutinda alipiga magoti akachungulia chini ya meza. Akainua debe la rangi, akasogeza rundo la vitambaa, akasimama tena akijipangusa vumbi magotini.

"Nilikuwa nimeandika kila kitu, boss. Kwa mkono wangu."

"Umeandika kwa hewa?"

Wanja alisimama hatua tatu kutoka kwao, skwiji ya kusukumia rangi mkononi, rangi nyekundu ikimtiririka hadi kwenye kiwiko. Kadi ilikuwa ndani ya mfuko wa aproni yake, imekunjwa mara nne. Kila akivuta pumzi, alihisi kona yake ikimdunga tumboni.

"Wanja," Mutinda akamgeukia, "wewe uliiona. Mwambie boss."

Wote wakamwangalia. Hata Dorine wa mapokezi, aliyekuwa akijifanya anapanga risiti, aliinua kichwa.

"Niliiona siku hiyo," Wanja akasema. "Sijui ilienda wapi."

Ni hayo tu aliyosema, na alipomaliza kuyasema ilikuwa kama ameteremka ngazi ambayo haina njia ya kurudi juu.

Zacharia, mwenye karakana, aliinua simu yake mbele ya uso wa Mutinda. Kwenye picha kulikuwa na mzee mmoja anayetabasamu, amevaa tisheti mpya nyeupe. Kifuani palikuwa na kiganja chekundu, na chini yake maandishi yaliyoanza mwisho na kuishia mwanzo.

"Soma hapo."

"Haisomeki, boss."

"Haisomeki. Elfu nne hazisomeki. Na huo mkono ni upi?"

"Ni wa kushoto."

"Waliagiza upi?"

"Wa kulia."

"Na unajua kule kisiwani kwa hao wateja mkono wa kushoto ni wa kazi gani? Ni ile kazi unaufanyia hata hapa." Dorine alikohoa kuficha kicheko. Zacharia hakucheka. "Chama kizima huko kinaitwa chama cha choo, uchaguzi uko wiki ijayo, na wewe unaniambia kadi ilikuwa kwa msumari. Ama ulinunuliwa? Upande ule mwingine walikupata?"

"Boss, mimi hicho kisiwa hata kwa ramani singekipata."

"Toka. Chukua jaketi yako utoke."

Mutinda alichukua jaketi. Akipita karibu na Wanja alimgusa bega kidogo, vile mtu humgusa mtu wake ili kumwambia usijali. Mguso huo ulimuunguza kuliko pasi.

*

Karakana ya Zacharia iko Gatongora, hapo Ruiru, nyuma ya duka la simiti. Hapo huchapwa tisheti za harusi, za mazishi, za makanisa na za wanasiasa. Oda hii ilikuwa imetoka mbali. Ilitoka Toliva, kisiwa kidogo ambacho tangu enzi za babu zao kinatawaliwa na serikali ya ng'ambo. Gavana huletwa kwa ndege, sheria huletwa kwa ndege. Wenyeji hawakuwa wamewahi kuchagua mtu wa kuwatungia sheria hata siku moja. Sasa walikuwa wamekubaliwa bunge dogo la viti kumi na tatu, na huo ndio ungekuwa uchaguzi wao wa kwanza.

Odila, mmoja wa wagombea, wa chama ambacho alama yake ni kiganja cha kulia, alisomea chuo kikuu hapa Kenya. Miaka minne aliishi kwa hosteli za Kahawa Wendani, akajua Kiswahili cha mtaani, akajuana na Zacharia. Ndio sababu alikumbuka kumtumia oda.

Tisheti nzima zingekuwa mzigo mzito kwa ndege, kwa hivyo Mutinda, aliyesomea mambo ya usanii wa kompyuta chuo kimoja pale Thika, alitoa wazo. Wachape picha kwa karatasi za transfa, karatasi zitumwe, kisha watu wa Toliva wazipige pasi wenyewe kwa tisheti zao. Karakana haikuwa imewahi kufanya transfa. Na transfa huchapwa kinyume, kama kitu unachokiona kwa kioo, ndiyo ikigongwa pasi igeuke na kukaa sawa.

Kabla kazi ianze, mjomba wa Mutinda akafariki. Akaenda mazishi Ngoliba siku tatu, akaacha filamu, ile plastiki yenye picha ya kuchapwa, mezani na kadi kwa msumari. Kadi ilisema: TRANSFER. RED. 4,000 PCS. WRONG READING.

Wanja aliinua filamu dirishani. Maandishi yalikuwa kinyume. Akasoma kadi. Hilo neno wrong alilijua vizuri sana, kwa maana kwa miaka minane aliliona kando ya hesabu zake, limeandikwa kwa kalamu nyekundu. Reading nayo aliijua. Akaunganisha mawili hayo, akaelewa kwamba Mutinda anamwambia filamu inasoma vibaya, airekebishe. Hata alifurahi kidogo, kwamba mtu wake amemwachia jambo la maana. Akaigeuza.

Jioni hiyo ujumbe uliingia.

"Umeona kadi mrembo?"

"Nimeona. Sawa."

Angeuliza. Simu ilikuwa mkononi. Lakini mwaka mmoja kabla, siku ya kwanza walipokula chakula pamoja, Mutinda alimuuliza alimalizia form four wapi, naye akataja shule moja ya pale kwao Theta. Shule hiyo alikuwa akiipita tu kando ya ua, kikapu mgongoni, akienda kuchuma kahawa ya watu. Baba yake, Gachau, aliugua mwaka ule Wanja alimaliza darasa la nane, na masomo yakaishia hapo. Sasa mtu aliyefika form four angeanzia wapi kuuliza maana ya maneno mawili?

Karatasi zikatoka nzuri, kiganja cha kulia, maandishi yamenyooka. Zacharia mwenyewe alishika moja, akaiangalia juu na chini, akasema safi sana. Zikafungwa, zikaenda. Mutinda aliporudi hapakuwa na hata moja mezani.

Asubuhi ile Mutinda alifukuzwa, picha ilipofika kwa simu ya Dorine, Wanja aliiona kwanza kabla ya boss kuingia. Aliangalia ule mkono. Akaangalia mkono wake mwenyewe. Akajua. Dorine alipoenda kufungua lango, Wanja alitembea hadi kwa msumari.

*

Kesho yake saa ya chakula Mutinda alimngoja kwa kibanda cha chapati. Ndengu zake zilikuwa zimepoa, hajazigusa.

"Umeona group?"

"Sina bando," Wanja akasema. Alikuwa ameona.

Mutinda alimsogezea simu. Lilikuwa group la wachapaji wote wa Thika Road, na Zacharia alikuwa ameandika:

"Wakubwa chungeni designer anaitwa Mutinda. Ameharibu oda ya uchaguzi ya watu na tunashuku alipewa kitu kidogo na wapinzani. Asipewe kazi."

"Kuanzia Githurai hadi Thika," Mutinda akasema, "hakuna mtu atanipa hata mouse nishike. Jana nimepiga simu nne. Wa kwanza akaniuliza kama naweza kumfikishia gavana wangu wa Toliva salamu."

"Itaisha."

"Itaishaje? Jina likishaingia kwa hiyo group ni kama tattoo." Alimshika vidole. "Lakini wewe uko ndani. Tafuta hiyo kadi, Wanja. Hereni ya Dorine ilipopotea kwa takataka, nani aliiona? Wewe unaona vitu. Ikipatikana, naipiga picha namtumia Zacharia, nimemaliza."

"Na kama kuna mtu aliichukua?"

"Aichukue ya nini?"

"Sijui. Pengine mtu aliogopa."

Mutinda alicheka, kicheko chake cha kwanza tangu jana. "Aogope karatasi?"

Kadi ilikuwa ndani ya kibeti, juu ya meza, kati ya sahani zao mbili. Wanja alikiangalia. Akafungua mdomo. Mama wa kibanda akaja kuuliza kama ndengu zina kasoro, na neno likarudi lilikotoka.

"Mama anasema ile Jumapili ya kula kwake iko palepale," Mutinda akasema. "Nikamwambia sina kazi, akaniambia kuku hajui kama huna kazi. Amemfungia kabisa, anamlisha mahindi. Utakuja?"

"Nitakuja."

Jioni mama mwenyewe akapiga, Syokau, kwa ile sauti yake ya polepole.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, habari ya huko?"

"Mzuri mama. Shikamoo."

"Wacha hizo za Tanzania. Skiza. Huyu mtoto hali. Amekaa hapa kama mtu amefiwa mara mbili. Nikamuuliza kama ni kweli alikula pesa ya watu, akaapa. Nami nikamuuliza, nani anajua ukweli? Akasema Wanja anajua. Akasema huyo hajawahi kumdanganya."

Wanja alihamishia simu sikio lingine.

"Uko hapo, mwiitu?"

"Niko, mama."

"Basi nimeuliza tu. Wewe ukisema hakukula, mimi nitalala."

"Hakukula, mama."

"Asante. Mungu akubariki kwa kunipa ukweli."

Alipokata simu Wanja aliketi kwa kitanda. Chini ya godoro alikuwa ameweka transfa moja iliyobaki. Aliitoa, akapasha pasi, akaigonga kwa vesti yake nyeupe, akaivaa. Alitaka kuiona hiyo kazi yake vile watu wa Toliva walivyoiona. Akasogea kwenye kipande cha kioo kilichoning'inia juu ya beseni.

Kwa kioo, mkono ulikuwa wa kulia. Maandishi yalinyooka, kila herufi mahali pake. Akainamisha kichwa akaangalia kifuani, yakawa yameharibika. Akaangalia kioo, yakawa sawa. Aliangalia hivyo mara nyingi, hadi macho yake mwenyewe kwenye kile kioo yakamshinda kutazama.

*

Ijumaa asubuhi simu ya ofisi ililia. Dorine alikuwa nje akinunua maziwa ya chai, kwa hivyo Wanja akaishika.

"Niaje. Hapo ni kwa Zacharia?"

"Ndio. Ametoka kidogo."

"Ni Odila, wa Toliva. Wewe ni nani?"

"Ni Wanja. Mimi huchapa."

"Wanja, mwambie boss wako nimechoka. Mwambie vijana wangu wako nje hapa, nawasikia kwa dirisha. Wanasema gavana alimhonga mprinta wa Kenya. Kesho wanataka kuzingira jumba lake." Nyuma yake kweli kulikuwa na kelele za watu wengi. "Na yeye anangoja hilo tu. Wakirusha jiwe moja ataahirisha uchaguzi, aende kwa redio aseme hatujakomaa. Magavana wametuambia hivyo tangu nizaliwe. Sasa wapinzani wanasema, angalieni hawa, hawajui hata kuandika jina lao kwa tisheti na wanataka kuandika sheria."

Wanja aliegemea ukuta.

"Zacharia aliniambia ni mtu anaitwa Mutinda," Odila akaendelea. "Kwamba alihongwa. Juzi nikalitaja hilo jina kwa mkutano. Sasa wanalipigia kelele barabarani, kama jina la ibilisi."

"Hakuhongwa."

"Wewe unajuaje?"

"Madam, hakuhongwa. Ni mimi."

"Wewe ndio ulihongwa?"

"Hakuna mtu alihongwa." Sauti yake ilikuwa imekuwa nyembamba, lakini ilitoka. "Kadi ilikuwa imeandikwa wrong reading. Ni lugha ya kazi, inamaanisha ichapwe kinyume. Mimi nilidhani inasema kuna makosa. Nikarekebisha."

"Ukarekebisha."

"Ndio. Nikarekebisha ndio ikaharibika. Nimesoma hadi darasa la nane, madam. Niliona aibu kuuliza. Halafu picha yenu ilipokuja nikaficha kadi, na huyo Mutinda akafukuzwa nikiangalia."

Wanja alisikia mtu huko Toliva akigonga mlango, na Odila akimjibu kwa lugha yao.

"Huyo Mutinda ni nani wako?"

"Ni mtu wangu. Alikuwa."

"Wee Wanja." Odila alishusha pumzi. "Sikukasirikii. Pengine kesho nitakukasirikia, leo sina nafasi. Hayo umeniambia, unaweza kuyasema kwa voice note? Nitawatafsiria kwa lugha yetu, lakini nataka wasikie sauti. Na useme jina lako lote. Mtu hana jina, watasema nimemtunga."

"Jina langu lote?"

"Jina lako na darasa lako."

Wanja alifumba macho. "Sawa. Na kuna kitu kingine, madam. Sijui kama kitasaidia. Ukivaa hiyo tisheti ukajiangalia kwa kioo, inasoma sawa. Mkono unakuwa wa kulia. Hata kwa selfie."

"Kwa kioo."

"Ndio. Mtu mwenyewe ndio anaiona ikiwa sawa."

"Ngoja," Odila akasema polepole. "Hebu ngoja. Tuma hiyo voice note."

Wanja alitoka nyuma ya karakana, akasimama kati ya mifuko ya simiti na ukuta, akabonyeza simu.

"Naitwa Wanja binti Gachau, natoka Theta, Kenya. Mimi ndio nilichapa mkono wenu. Sikulipwa na mtu. Nimesoma hadi darasa la nane, sikuelewa neno, na sikuuliza kwa sababu niliona aibu. Mutinda aliandika sawasawa, kosa ni langu. Nimewaaibisha watu sijawahi kuwaona. Tafadhali msirushe mawe kwa sababu yangu."

Alipogeuka, Zacharia alikuwa amesimama mlangoni, Dorine nyuma yake na pakiti ya maziwa.

"Ngai, Mungu wangu," Zacharia akasema. "Ni wewe?"

Wanja alitoa kadi kwa kibeti akampa. Mikunjo yake ilikuwa imeanza kukatika. Zacharia aliisoma, akaigeuza, akaisoma tena kana kwamba upande ule mwingine ungemwambia kitu tofauti.

"Siku nne unanipikia chai na hii iko kwa mfuko?"

"Ndio, boss."

"Na huyo ni boyfriend yako."

"Ndio, boss."

"Mimi nimefanya biashara na wezi, Wanja. Mwizi huwa namuelewa. Wewe sikuelewi."

"Hata mimi sijielewi."

"Lakini boss," Dorine akasema taratibu, "si wewe ulishika moja ukasema safi sana? Nakumbuka, ulisema iko sawa kama gazeti."

Zacharia alikohoa. "Dorine, maziwa itaharibika."

"Andika kwa group, boss," Wanja akasema. "Ondoa jina lake uweke langu."

"Unajua pia utaenda nyumbani?"

"Najua. Nakuomba tu ungoje hadi saa kumi. Nataka ayasikie kwangu. Na hiyo kadi nirudishie, nimpelekee."

*

Mutinda alikuwa nyuma ya nyumba ya mama yake huko Ngoliba, akipigilia misumari kwa banda la kuku. Alipomwona alitabasamu, misumari miwili ikiwa mdomoni.

"Jumapili imekuja Ijumaa?"

Wanja alimnyooshea kadi. Mutinda alitema misumari mkononi, akaipokea kadi, uso wake ukafunguka wote.

"Umeipata. Si nilikwambia? Ilikuwa wapi?"

"Kwa aproni yangu."

"Nani aliiweka?"

"Mimi."

Ule uso uliofunguka ulikaa hivyo kidogo, kama mlango ambao mwenyewe amesahau kuufunga.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla Zacharia aingie. Uliponiambia nimwambie boss, ilikuwa hapa." Alijigusa tumbo. "Sikufika form four, Mutinda. Nilidanganya. Niliishia darasa la nane. Sikujua wrong reading ni nini, nikageuza filamu."

"Kwa hivyo ni shule ndio ulikuwa unaficha?"

"Ndio."

"Wanja, hiyo wrong reading hata mwalimu wa Kiingereza hajui ni nini. Mimi nilifundishwa college na nikabisha. Nikamwambia mwalimu hakuna kitu kinaitwa hivyo, darasa likanicheka. Ungeuliza, ningekwambia, ingekuwa imeisha."

"Niliona aibu."

"Uliona aibu ya swali." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. "Ya kuniona nikichukua jaketi, hiyo haukuona? Nilikugusa bega. Nilidhani unaumia kwa ajili yangu."

Wanja aliinama akaokota msumari mmoja majanini, akauweka juu ya banda.

"Shule ningecheka wiki moja halafu nisahau," Mutinda akasema. "Lakini tuliketi kwa chapati, ukaniuliza kama mtu aliogopa. Ulikuwa unaniuliza mimi nikusaidie kujificha."

Syokau alitokea kwa kona na kikombe cha chai. Aliwaangalia wote wawili, kisha akaiangalia kadi.

"Mwiitu, keti."

"Haketi, mama. Anaenda."

"Aende akishakunywa. Chai imemiminwa."

Wanja aliinywa akiwa amesimama, ikimuunguza ulimi. Aliporudisha kikombe alikishika kwa mikono miwili.

"Mama, ulinibariki kwa simu kwa sababu ya ukweli. Nilikuwa nimekupa nusu."

Syokau alimwangalia sana. "Basi hiyo nusu ingine imefika leo," akasema. "Imechelewa. Lakini imefika kwa miguu yake."

Saa kumi na dakika tano, akiwa barabarani, simu ililia. Kwa group ya wachapaji Zacharia alikuwa ameandika: "Wakubwa, Mutinda hana makosa, naomba msamaha kwake. Ni Wanja wetu wa kuchapa alikosea kusoma kadi halafu akaificha." Chini yake watu walianza kucheka kwa vikaragosi. Alivisoma vyote, kimoja kimoja, hadi cha mwisho.

*

Wanja alirudi Theta kwa baba yake. Asubuhi alichuma kahawa, mchana aliosha vyombo, na kati ya hayo aliandika ujumbe.

"Mutinda nisamehe."

Tiki mbili za buluu.

"Najua hutajibu. Nilitaka tu kukuambia leo nimemuuliza daktari wa baba maana ya neno kwa dawa. Nimeuliza mbele ya watu."

Tiki mbili za buluu.

Uchaguzi wa Toliva ulifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata. Jumatatu Odila alituma picha. Sokoni kwao walikuwa wamesimamisha kioo kikubwa cha kabati, na mbele yake kulikuwa na mlolongo wa watu wenye tisheti nyeupe, wazee na wamama, kila mtu akingoja zamu yake ya kujiangalia. Yule mzee wa picha ya kwanza alikuwa mbele kabisa, ameinua mkono wake wa kulia.

Kulikuwa na voice note pia.

"Wanja, vijana hawakurusha jiwe. Niliwachezea sauti yako mara mbili, mara ya pili wakanyamaza. Mama mmoja akasema, huyu ni kama mimi. Tumepata viti vitano kati ya kumi na vitatu. Changu nimekishinda kwa kura thelathini na moja. Gavana ni yule yule, lakini sasa sheria zake atazisoma mbele yetu. Na bado wanatuita chama cha choo, kwa hivyo usijisikie sana."

Alicheka, kisha akalia, kisha akaenda kuanika kahawa.

Wiki ya tatu, siku ya Jumamosi mchana, Gachau alimwita kutoka kwa kiti chake cha uani.

"Wanja, kuna kijana hapa anasema amekuja kutumia pasi."

Mutinda alisimama langoni na bahasha ya kaki. Alikuwa amekonda kidogo. Hakutabasamu.

"Kwa Zacharia sikurudi," akasema. "Nimepata mahali Thika. Wanafanya transfa. Mwenye mahali anatafuta mtu wa kuchapa, lakini anataka ajaribiwe kwanza."

"Alisikia yangu?"

"Kila mtu alisikia yako. Ndio maana nimekuja na jaribio." Akampa kadi mpya kutoka kwa bahasha. "Soma. Kwa sauti."

Wanja alijifuta mikono kwa aproni, akaishika.

"Transfa. Nyekundu. Maandishi yawe kinyume. Usigeuze." Akashusha kidole hadi mstari wa mwisho. "Ukiwa na swali, uliza."

"Una swali?"

Baba yake alikuwa akisikiliza wazi wazi, bila hata kujifanya hasikii. Wanja alihisi joto likipanda shingoni, lile lile la zamani.

"Ninalo. Bado umenikasirikia?"

"Ndio."

"Sana?"

"Imepungua. Ulipotuma ile ya daktari nilikuwa nimeshika simu nikaiweka chini, nikaichukua tena. Swali lingine?"

"La. Leta."

Alitia makaa kwenye pasi, akatandika aproni yake kwa meza ya jikoni. Mutinda alitoa karatasi moja ya transfa, herufi nyekundu zote zikiangalia kule zisikopaswa. Wanja hakujaribu kuzisoma. Hakuigeuza. Aliilaza vile ilivyokuwa, akaikandamiza, akahesabu hadi ishirini, akangoja ipoe kabla ya kuibandua.

Ilisema: JUMAPILI KWA MAMA.

Alisimama akiiangalia muda mrefu, pasi ikiwa bado mkononi.

"Nina swali," akasema.

"Uliza."

"Yule kuku bado yuko?"

Mutinda alijikaza asicheke, ikamshinda.

"Yuko. Mama alikataa achinjwe bila wewe. Sasa ameanza kutaga."